Bi. Shingo wa Darasa la Gereji

Siku mliyoniaga, walimu wanangu, mlinipa doti ya khanga na saa ya ukutani. Halafu yule kijana wenu anayefundisha darasa la kwanza, mwenye suruali ya kubana, akasimama akaniuliza mbele za watu: "Mwalimu Felista, siri ya kuwafundisha watoto waliogoma kusoma ni nini?" Nikamjibu, "Kuku." Mkacheka mpaka soda zikawatoka puani, mkadhani bibi kachoka. Sasa nipo nyumbani kwangu Ilala, sina madaftari ya kusahihisha, saa yenu inapiga kelele ukutani kama fundi bati, basi nikaona niwaandikie nilichomaanisha. Vyeo siandiki. Mshahara ndiyo kabisa, sitaki kulia na umri huu.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka Masasi miaka ya sabini, msichana mwembamba, cheti kipya mkononi na viatu vya kuazima miguuni. Shule niliyopangiwa ilikuwa katikati ya mtaa wa Gerezani na soko la Kariakoo. Upande huu karakana za reli zinagonga chuma, upande ule wachuuzi wanagombana na wateja. Ukisema "a" darasani, nyundo inaitikia. Mwalimu Mkuu, Bwana Shomari, alikuwa mwenyeji wa pwani, mtu wa kofia safi na hotuba ndefu. Alinipokea kwa heshima zote, akanipitisha madarasa yote mazuri bila kusimama, mpaka chumba cha mwisho kabisa karibu na vyoo. Ndani walikuwemo watoto wa darasa la tatu ambao kusoma kulikuwa kumewashinda.

"Ndugu Felista," akaniambia, "hawa wameharibika. Wewe ni damu mpya. Watengeneze."

Akageuka akaenda zake kabla sijamuuliza vipuri viko wapi.

Watoto nao walikuwa na masikio. Mtaa ule umejaa mafundi magari, wanajua gari bovu linapelekwa wapi, basi kesho yake darasa lilikuwa na jina tayari: Gereji. Mmoja alinisalimia mlangoni, "Shikamoo fundi." Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

Chuoni nilifundishwa saikolojia ya mtoto vizuri sana, ila yule mtoto wa kwenye kitabu alikuwa amekaa ametulia, ameshiba. Wangu walikuwa wamekunywa uji wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, wengine wametoka kuwashikia mama zao nafasi kwenye foleni ya sukari. Aliyeniokoa ni Mwalimu Zuhura, mama mtu mzima, mnene, mwenye sauti ndogo na ulimi wa wembe. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Vitabu hakuna? Tia mchanga kwenye sinia, mtoto aandike kwa kidole, akikosea atikise sinia, kosa limekwisha, hakuna aliyeliona. Kadi za herufi hakuna? Okota vizibo vya soda, chora herufi juu kwa rangi ya kucha. Tulichora vizibo alfabeti nzima, na Q na X tukazichora kwa ukamilifu tu. Loo! Watoto wakagundua kwamba vizibo vinafaa kwa kamari ya mchangani. Mwezi haujaisha, herufi zote zimeibiwa, tumebakiwa na Q na X.

"Hata wezi wanajua Kiswahili," Mwalimu Zuhura akasema.

Nilikuwa na mmoja aliyesoma kitabu kizima bila kukwama, nikampigia makofi, kumbe kakishika juu chini. Alikuwa amekariri kila kitu kwa kumsikia kaka yake, mpaka pale kaka alipokohoa na yeye akakohoa. Huyo hakunitisha. Mtoto mwenye kichwa cha kukariri hivyo atasoma tu, utake usitake. Aliyenitisha alikuwa Zena.

Zena alikuwa msichana wa miaka kama kumi, mrefu kuliko wenzake kwa sababu alikuwa amekariri darasa. Herufi alizijua. Silabi alizijua. Ukimpa sinia la mchanga aliandika neno vizuri tu. Lakini mwambie asimame asome kwa sauti: kimya. Ataishika kola ya sare yake, ataitia mdomoni, atatafuna. Kola za sare zake zote zilikuwa kama zimeliwa na mende. Na mjue watoto wa Kariakoo wanavyozomea! Hawazomei ovyo, wana ufundi. Mmoja anaanzisha nyuma, "Eeeee," chini chini, wengine wanapokea, dirishani wanajazia. Nilikuwa nikiwachapa, nikiwafokea, nikiwatoa nje. Wakitolewa nje walizomea kwa nafasi zaidi.

Siku moja baba yake akaja. Alikuwa hamali sokoni, mtu wa Liwale, shingo nene, mabega yamejaa vumbi la unga. Alisimama mlangoni hataki kuingia.

"Mwalimu, mimi sina maneno mengi," akasema. "Mwanangu amekariri mara moja. Mwaka huu akikariri tena, basi. Dada yangu yupo Buguruni, anauza maandazi, anataka mtu wa kumsaidia. Nitamtoa Zena aende."

"Baba Zena, mtoto ana akili huyu."

"Akili anayo. Shule ndiyo haimtaki. Kila siku anarudi analia, mimi nitamtazama hivyo mpaka lini?"

Nikamuuliza kwa nini asimsaidie nyumbani, maana nilimwona ameandikishwa elimu ya watu wazima, madarasa ya jioni yaliyokuwa hapo hapo shuleni kwetu. Akatazama pembeni. Alikuja siku mbili tatu tu, akasema, akaacha. Vumbi la chaki linampalia.

Mtu anayebeba magunia ya unga kutwa! Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Zena mwenyewe alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, amesikia yote. Baba yake alipoondoka, Zena akaniambia, "Mwalimu, mimi sitaki maandazi." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote aliyowahi kuniambia. Iliniuma, nasema kweli.

Sasa kuku. Enzi zile kila shule ilitakiwa kuwa na mradi wa kujitegemea. Wenzetu wa mikoani walikuwa na mashamba, sisi tulikuwa na kijishamba cha mchicha nyuma ya vyoo, unastawi mno, hakuna aliyetaka kuuliza kwa nini. Bwana Shomari akaamua tufuge kuku. Wafanyakazi wa reli walitugawia mataruma mabovu, yale magogo ya kulazia reli, tukajenga banda imara sana, lingeweza kubeba treni. Zamu ya kuku akawapa Gereji. "Hao hawapotezi kitu wakikosa vipindi," alisema, na alisema mbele yao. Nilichemka! Mwalimu Zuhura akanishika mkono, akaninong'oneza, "Chukua zamu. Kule hakuna wa kuwazomea."

Kati ya wale kuku kulikuwa na mmoja wa kishingo, wale wasio na unyoya hata mmoja shingoni. Sura mbaya, hatagi, hagombani, muda wote amekaa pembeni kama amefiwa. Watoto wakamwita Bi. Shingo. Mwalimu Zuhura alinuna wiki nzima, eti kama kuku naye ni Bi., yeye wamwite nani.

Basi asubuhi moja nimekwenda kuokota mayai, nikasikia sauti bandani. Sauti ya msichana, inasoma. Nikachungulia kwenye upenyo wa mataruma. Alikuwa Zena, amechuchumaa, kitabu magotini, Bi. Shingo mbele yake ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mzee anayesikiliza taarifa ya habari redioni. Zena anasoma. Anakwama. Ananyamaza. Yule kuku naye anamtazama tu. Kimya kinakuwa kirefu, mimi huku nje nakaribia kupasuka, neno nalijua, nataka kumtajia. Bi. Shingo akageuza kichwa upande wa pili, akasema, "Ko?"

Zena akamjibu, "Subiri basi!" Akalirudia neno, akalipata, akaendelea.

Nikamkimbilia Mwalimu Zuhura mayai yakiwa kwenye khanga, mengine yakanivunjikia njiani. Nikamweleza. Yeye hakushangaa hata kidogo.

"Unajua kuku kakushinda nini?" akaniuliza. "Mtoto akinyamaza, wewe unamrukia na neno. Unaona unamsaidia, kumbe unamnyang'anya. Kuku hana neno la kumpa, basi anamngoja. Na hacheki."

Iandikeni hiyo popote mnapoandika mambo yenu. Mimi chuo kizima hawakuniambia.

Tangu hapo Gereji nzima ilisomea bandani. Kila mtoto na kuku wake. Nje ungesikia kelele kama mnada. Mtoto mmoja alikuja kwangu amenuna, "Mwalimu, kuku wangu analala nikifika ukurasa wa pili, nibadilishiwe." Nikamwambia asome kwa kuchangamka kidogo. Akarudi amefurahi, kuku amefumbua jicho moja. Mwingine alikuwa akimpa kuku wake mtihani, kuku akishindwa kujibu anaambiwa atakariri darasa. Mayai yakapungua, maana nani atage katika kelele ile? Bwana Shomari akaja juu. "Hawa ni kuku wa mradi, ndugu Felista, si wanafunzi!" Lakini watoto walianza kusoma, na hilo hata yeye alilisikia, akabaki kuhesabu mayai na kuguna.

Zena bandani alikuwa akisoma kama maji. Darasani, kimya kile kile, kola mdomoni. Nilijaribu kumgeuzia wenzake mgongo, nikajaribu kumsomesha chini ya meza, wapi! Alitaka kuku.

Hapo ndipo tukaambiwa mkaguzi anakuja. Bwana Shomari akaitisha kikao akatangaza mawili. La kwanza, kila mtoto wa Gereji atasimama asome mbele ya Ndugu Mkaguzi, atakayeshindwa anakariri, na wazazi waje waone wenyewe. La pili, chakula. Nyama sokoni ilikuwa haipatikani hata kwa kujuana. "Mgeni wetu hawezi kula mchicha," akasema, na sisi tunaojua unakoota tulikubaliana naye. "Achinjwe kuku mmoja. Yule asiyetaga."

Nilimtazama Mwalimu Zuhura, naye akanitazama.

Siku yenyewe asubuhi, Bwana Shomari alikuwa uani ananoa kisu. Zena alikuwa amemwona. Alikuja kwangu mbio. "Mwalimu, anamchinja nani?" Nikamwambia aende mstarini na wenzake. Nikamweleza Mwalimu Zuhura kwa macho tu. Yule mama, Mungu amlaze pema, akajitengeneza mtandio, akamfuata Bwana Shomari, akamwambia kwa ile sauti yake ndogo, "Mwalimu Mkuu, naomba utusomee ile hotuba ya kumkaribisha mgeni. Tangu mwanzo. Nimesikia ni nzuri."

Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwomba hotuba. Kisu kikawekwa chini. Hotuba ikatolewa mfukoni, karatasi baada ya karatasi. Alikuwa bado yupo kwenye salamu za wazazi nilipofika bandani. Nikamkamata Bi. Shingo, nikamfunika kwa khanga, nikatoka naye kifuani kama mama mwenye kichanga. Nimpeleke wapi? Geti lina watu. Ofisini haiwezekani. Nikaingia naye Gereji, nikamtia kwenye kabati la chaki, nikafunga. Nia yangu ilikuwa nimtoroshe jioni, basi. Watoto walikuwa nje mstarini, hakuna aliyeniona.

Mkaguzi akafika mapema, na kisu bado kiko chini. Alikuwa baba mmoja mzito, miwani minene, jasho linamtiririka, na njaa inaonekana wazi usoni. Bwana Shomari alirudi kutoka bandani mikono mitupu, uso umemwiva, akaninong'oneza, "Yule kuku yuko wapi?" Nikamwambia, "Kuku gani, Mwalimu Mkuu?" Wale wengine walikuwa wanataga, mali ya mradi, hakuthubutu kuwagusa. Tukaingia darasani wote. Wazazi wakasimama ukutani, Baba Zena mlangoni, kofia mkononi. Madirishani vichwa vya madarasa mengine vilikuwa vimepangana kama nyanya kwenye meza ya mchuuzi.

Watoto wakaanza. Mmoja akasoma, akapita. Wa pili akasoma kwa kuchangamka, nadhani alisahau kwamba mkaguzi alikuwa macho. Kisha Zena.

Akasimama. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mkono ukaenda kwenye kola. Dirishani nikaisikia inaanza, "Eeeee," chini chini. Nikakata jicho, ikafa. Mkaguzi akatazama saa. Baba Zena akatazama chini, akaigeuza kofia yake, akaigeuza tena. Bwana Shomari akavuta pumzi ili amtajie neno, nami nikamkanyaga mguu, nikamkanyaga kwelikweli, akaimeza ile pumzi. Kimya. Nikasema, Felista, mtoto ndiyo huyo anakwenda Buguruni mbele ya macho yako.

Kabatini kikasikika: "Ko?"

Zena akageuka. Akalitazama kabati. Nikaona kola inatoka mdomoni taratibu, na uso wake, jamani, uso wake! Akasema polepole, "Subiri basi." Akakiinua kitabu, akasoma, amelielekea kabati, sisi wote ametupa mgongo. Alisoma habari za mzee mmoja na ng'ombe wake waliopotea. Alikwama kwenye ng'ombe, kabati likauliza "Ko?", akawapata. Alikwama tena, kabati likauliza tena. Mpaka ng'ombe wote wamerudi zizini na ukurasa umekwisha. Madirishani hakuna aliyezomea. Nafikiri na wao walitaka kujua kama ng'ombe watapatikana.

Mkaguzi akavua miwani. "Mwalimu," akaniuliza, "huyu anayeuliza ni nani?"

Zena ndiye aliyejibu, kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya watu wote: "Ni Bi. Shingo. Anataka kujua kilichofuata."

Mkaguzi akaenda, akafungua kabati. Bi. Shingo alikuwa amekaa juu ya boksi la chaki, mweupe kwa vumbi la chaki mpaka kwenye ile shingo yake tupu, anatutazama kwa jicho moja. Akasimama, akajikung'uta, chini yake kulikuwa na yai.

"Kumbe anataga!" Bwana Shomari akapayuka, akaziba mdomo.

Mkaguzi alicheka mpaka akakaa kwenye dawati la mtoto, dawati likalia. Alipopata pumzi alimwita Zena, akamwambia, "Darasa la nne wewe. Na mwambie mwenzako naye amepita." Mchana alikula ugali kwa mchicha na lile yai moja la kuchemsha, akausifu sana mchicha. Sisi tukatazamana. Bwana Shomari alimsomea hotuba yote, kwa hiyo Mwalimu Zuhura aliisikiliza mara mbili siku moja, na mpaka anakufa alikuwa akinidai shukrani.

Najua mtaniuliza Zena aliishia wapi. Anauza vitambaa Kariakoo, duka lake mwenyewe, na akisoma gazeti asubuhi mtaa mzima unasikia. Lakini kuna la mwisho, na ndilo lililonifanya nimjibu yule kijana vile.

Jioni ile ile, wageni wameondoka, Bi. Shingo amerudi kwa wenzake, nilikuwa nafunga banda. Baba Zena akaja. Hakuwa na gunia, na mikono yake mikubwa haikujua ikae wapi. Akasimama akatazama mataruma, akatazama kuku, akatazama mataruma tena.

"Mwalimu," akasema, "humo bandani hakuna vumbi la chaki, eti?"

Akatoa kwenye kifua cha shati kitabu chake cha elimu ya watu wazima, kimekunjwa kunjwa, kimeloa jasho. Alikuwa nacho muda wote ule.

"Hakuna, Baba Zena," nikamjibu. "Hata chembe."

"Na yule... jioni ana nafasi?"

Nikafungua mlango. Akainama, akaingia, mabega yakikwaruza huku na huku, akachuchumaa. Nikazunguka nyuma ya ukuta nisimtie aibu. Nikasikia sauti nzito inaanza, silabi moja, silabi nyingine, kisha ikakwama. Neno lenyewe nililijua. Nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Ko?" akasema Bi. Shingo.

Baba Zena akavuta pumzi, akaanza upya.